Sosi Inakosa Nini?

"Tamu," Kijiko alisema, akavuta sahani karibu. "Limau limekaa vizuri kabisa."

Mkewe alikuwa bado hajaanza kula. Alichukua kipande cha tango, akakichovya kwenye bakuli la sosi, akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja tu, taya likasimama. Sosi ilikuwa na kitunguu saumu, ilikuwa na mnanaa, giligilani na limau, na juu ya hayo yote ilikuwa na ladha ya keki ya siku ya kuzaliwa.

Alinyanyuka taratibu kama mtu aliyesahau glasi ya maji, akaenda jikoni, akafungua ndoo ya taka. Kikopo cha mtindi kilikuwa pale juu. Dukani vikopo vyote vilikuwa vyeupe, vyote na mfuniko wa bluu, naye alikuwa na mteja anayemsubiri, kwa hiyo aliokota bila kutazama. Sasa alitazama. Ubavuni mwa kikopo kulikuwa na ua dogo la njano, na chini ya ua, neno moja: Vanila.

Aliporudi mezani, mumewe alikuwa anajiongezea sosi.

"Nikuwekee?"

"Bado kidogo," alijibu, na akajishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

Jamani, kama mume angekuwa dereva au karani, jambo hili lingeishia kwenye kicheko. Kuna wanaume ukiwapikia sponji ya kuoshea vyombo wataomba pilipili. Huyu si mmoja wao. Huyu ni mpishi wa hoteli, na jina la Kijiko hakupewa na mama yake. Walimbandika wenzake kazini kwa sababu kijiko hakimtoki mfukoni mwa shati, na hakuna chungu kinachoondoka mbele yake kabla hajakionja. Amewahi kurudisha supu ya watu wote wa ukumbini kwa sababu ya jani moja lililoungua. Leo mtu huyo huyo anakula matango yenye vanila na kusifia limau.

Na yeye mkewe alikuwa na sababu ya kuitengeneza sosi hiyo na si chakula kingine.

Ni fundi wa mapazia. Walipokutana alikuwa juu ya ngazi, kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli ile ile, anatundika mapazia mapya tangu asubuhi bila kutia kitu tumboni. Mpishi asiyemjua akatoka jikoni na sahani ya majani mabichi yaliyomwagiwa sosi nyeupe, nyepesi, ya mtindi. Akamkabidhi, kisha hakuondoka. Alisimama pale chini ya ngazi, mikono nyuma, mpaka fundi alipomeza.

"Inakosa nini?" akamuuliza.

Watu wengi wakiulizwa hivyo husema tamu sana, asante. Fundi alikuwa na njaa, amechoka, na hakuwa na nguvu ya adabu.

"Limau limezidi," akasema.

Mpishi alimtazama mpaka fundi akadhani amemuudhi. Kisha akaichukua sahani, akarudi nayo jikoni, akaleta nyingine. Safari hii ilikuwa sawasawa, na akamwambia hivyo. Kuanzia hapo kila siku sahani ilitoka jikoni, na mapazia ya ukumbi ule yakachukua muda mrefu kuliko mapazia yoyote aliyowahi kushona. Kuna pindo alizozifumua kwa mkono wake mwenyewe na kuzishona upya, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Walipooana, swali likahamia nyumbani. Chungu kikiwa jikoni, kijiko kilimfuata popote alipo, na kiganja cha mumewe chini yake kukinga matone. Mara nyingine kilimkuta kwenye cherehani na pini zimejaa mdomoni, na Kijiko alisubiri mpaka pini ya mwisho itoke. Si mtu wa kusema nakupenda. Akijaribu, anakohoa. Lakini akikuuliza chakula chake kinakosa nini, na akarudi jikoni kukitengeneza kama ulivyosema, unajua uko wapi moyoni mwake.

Kisha Kijiko akaugua homa kali, akapona, akarudi kazini, na kijiko hakikuja tena.

Mwanzoni mkewe alisema ni uchovu. Mgonjwa ni mgonjwa, mpe nafasi. Lakini miezi ikaanza kupita. Kijiko akawa anakula chochote kinachowekwa mbele yake na kusema "tamu", wali ukiungua tamu, maharage yakikosa chumvi tamu. Ukisifiwa hivyo kila siku, unaanza kuhisi kwamba mtu anakuaga.

Ndiyo maana siku hiyo ya mapumziko ya Kijiko, mkewe aliamua kumrudisha kwenye ile sahani ya kwanza. Alichuja mtindi ndani ya kipande cha pazia jepesi, akaufunga na kuutundika kwenye bomba la sinki mpaka maji yakaisha na ukabaki mzito. Akakatakata mnanaa, giligilani na vitunguu majani laini kabisa. Akasaga kitunguu saumu kwa ubavu wa kisu, akakamua limau, akatia mafuta ya zeituni kijiko kimoja na chumvi, akakoroga kwa uma. Hakuonja hata tone, kwa makusudi. Alitaka mumewe aonje kwanza, na safari hii yeye ndiye aulize. Mikono yake ilinuka kitunguu saumu kiasi kwamba harufu nyingine yoyote isingepita.

Akaweka bakuli mezani, akauliza, "Inakosa nini?"

Na jibu umeshalisikia.

Kijiko alipokwenda kulala mchana, mkewe alimpigia simu wifi yake. Wifi huyu ni dada mkubwa wa Kijiko, ana saluni mtaa wa pili, na mdomo wake hauna mlango. Alicheka habari ya vanila mpaka wateja wakasikika nyuma wakiuliza kuna nini. Halafu akaacha kucheka. Akauliza kama mdogo wake siku hizi anawahi sana kutoka asubuhi. Anawahi. Akauliza kama simu anailaza kifudifudi. Anailaza.

"Wifi," akasema, "mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, lakini hapa simtetei. Mwanaume anayekubali kila unachosema, mawazo yake hayako hapo nyumbani. Fungua macho."

"Labda nimemchosha tu."

"Labda. Lakini fungua macho kwanza, kujilaumu kutafuata."

Hakuhitaji kufungua macho sana. Jioni hiyo Kijiko akiwa anaoga, simu yake ililia juu ya meza ya cherehani, na mara hii ilikuwa imelala chali. Jina lililotokea lilikuwa Dada wa Keki. Mkewe alimfahamu: ni yule mwokaji wa pale hotelini, mwanamke mcheshi, mrefu, ambaye kwenye harusi yao alibeba keki mwenyewe mikononi kwa kuogopa mashimo ya barabarani. Ujumbe ulisema:

"Kesho wahi kabla wengine hawajaingia. Nitakuwa jikoni. Na mkeo je, bado hujamwambia? Hii siri inanichosha."

Aliusoma mpaka kioo kikazimika chenyewe. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuitegemea, hakukuwa na hasira ndani yake, ni kama mtu ametoa kiti alichozoea kukalia. Kijiko alipotoka bafuni alimwambia tu kwamba kuna ujumbe umeingia. Kijiko aliusoma, akailaza simu kifudifudi, akauliza kama kuna chai.

Asubuhi alimwacha atangulie, kisha akatoka na mkoba wake wa kazi. Walinzi wa hoteli wanamjua, mapazia yote ni yake. Aliwaambia kuna vishikizo vya kuangalia ukumbini, wakampisha. Hakuwa na mpango wa kupiga kelele. Alitaka kuona kwa macho yake, basi, ili akirudi nyumbani ajue anafungasha au hafungashi.

Kati ya ukumbi na jikoni kuna dirisha refu la kupitishia sahani. Alisimama pembeni yake, nyuma ya pazia aliloshona mwenyewe siku zile za kujichelewesha.

Ndani walikuwa wawili tu. Mbele yao kulikuwa na mabakuli na vyungu vidogo vimepangwa kwenye meza ya chuma. Kijiko alichota kutoka bakuli la kwanza, sosi nyeupe yenye vidoa vya kijani, akakielekeza kijiko mdomoni kwa Dada wa Keki. Kiganja chake kilikuwa chini, kukinga matone.

"Inakosa nini?"

Mwanamke alionja, akafikiri, akagusa sikio lake. Kijiko akatia chumvi kidogo. Mwanamke akaonja tena, akagusa kidevu. Kijiko akakamua limau. Mwanamke alipoitikia kwa kichwa kwamba sasa imetosha, wakasogea kwenye bakuli la pili. Sikio, chumvi. Kidevu, limau. Shingo, pilipili manga. Walikuwa wanafundishana ishara, na ilionekana wazi kwamba zilikuwa za kutumia baadaye, mpishi mkuu akiwepo, bila yeye kuona.

Fundi alizielewa zote mara moja. Vanila ilimfungulia mlango. Mumewe hakuwa anamdanganya kwamba chakula ni kitamu. Mumewe hakuwa anaonja chochote.

Angepaswa kufurahi, sivyo? Hakuna mchepuko, hakuna busu, kuna watu wawili wenye aproni na mabakuli ya sosi. Lakini machozi yalimtoka pale nyuma ya pazia, kwa sababu swali lile lilikuwa lake. Lilitoka kwa sauti ile ile, na kiganja kile kile chini ya kijiko, likaenda kwa mtu mwingine.

Alifungua mkoba, akatoa kishikizo cha pazia, akakidondosha sakafuni makusudi. Kijiko aligeuka. Wakatazamana kupitia dirisha la sahani.

"Malizia kazi," mkewe alisema. "Tutaongea nyumbani."

Njiani simu yake ililia. Alikuwa Dada wa Keki. Hakujitetea sana. Alisema alimgundua Kijiko siku maziwa yalipoungua mpaka harufu ikajaa jikoni, naye amesimama kando ya sufuria hana habari. Tangu hapo amekuwa akimwonjea, na kila siku anamsihi akamwambie mkewe.

"Dada, samahani," alimalizia. "Ningekuwa mimi ningetaka kujua."

"Asante kwa kumshika mkono," fundi alijibu, na alimaanisha.

Alipita dukani. Safari hii alisoma kikopo pande zote, akasoma hata mfuniko. Kijiko aliporudi alasiri, alikuta mtindi unaning'inia sinkini ndani ya kipande cha pazia, majani yameoshwa, na mkewe amekaa kwenye kiti cha jikoni mikono mapajani. Alivua viatu mlangoni, akabaki amesimama.

"Kaa," mkewe akamwambia. "Tangu lini?"

"Tangu homa. Niliamka asubuhi nikachemsha kahawa, haikunuka. Nikadhani kahawa mbaya. Nikaonja chumvi, nikaonja ndimu, nikatafuna kitunguu saumu kibichi. Kinachoma tu. Mnanaa nausikia ubaridi. Vingine vyote ni kama kutafuna karatasi."

"Umemwona daktari?"

Alikuwa amemwona. Daktari alisema kwa baadhi ya watu ladha hurudi polepole, kwa wengine hairudi, na hakuna ajuaye yeye atakuwa wa kundi lipi. Akamwambia avumilie na awe ananusa vitu vyenye harufu kali kila siku.

"Na mimi ungeniambia lini?"

Kijiko alitoa kijiko mfukoni, akakiweka mezani kati yao.

"Kazini wananiita hivi," alisema. "Wewe ulinipenda nikiwa na hiki. Nilitoka jikoni na sahani, nikakuuliza swali, ukanijibu ukweli, na mimi nikajua ukweli huo kwa ulimi wangu. Sasa sijui kitu. Nikikuuliza inakosa nini, ukisema chumvi, nitatia chumvi kama kipofu anayevushwa barabara. Niliona aibu. Nikasema ngoja irudi kwanza, hatajua."

"Nimekulisha vanila."

"Nini?"

"Jana. Mtindi ulikuwa wa vanila, nilikosea dukani. Na kitunguu saumu humo humo. Ukasema limau limekaa vizuri, ukajiongezea."

Kijiko alimkodolea macho. Mpishi aliyemo ndani yake ndiye aliyeumia kwanza, ilionekana usoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akafunika uso kwa viganja, na mkewe hakujua kama anacheka au analia mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Nilikula sahani mbili," alisema ndani ya viganja.

"Mbili na nusu. Ulifuta bakuli kwa mkate."

Alimwacha atulie. Halafu akasema lile lililokuwa likimkaba tangu asubuhi, na alilisema taratibu ili lisiharibike njiani.

"Kupoteza ladha hukupenda, sikulaumu. Hata kuniambia tamu kila siku, ningesamehe hapo hapo. Nimesimama nyuma ya pazia langu nikakusikia unamuuliza mwanamke mwingine inakosa nini. Hilo ndilo limeniuma. Nilidhani umeacha kuuliza. Kumbe umeacha kuniuliza mimi."

Kijiko alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Yeye nilimuuliza kwa sababu akinijibu, inabaki kuwa kazi," alisema. "Wewe nisingeweza kukuuliza halafu nisionje jibu. Nimekosa, mke wangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukifanya mambo mawili. Kesho unamwambia mpishi mkuu mwenyewe, kabla hajaona watu wanajishika masikio jikoni kwake."

"Anaweza kunitoa."

"Anaweza. Nina cherehani, hatutalala njaa. Kitu ambacho siwezi ni kuishi na mtu anayenificha."

"Na la pili?"

Mkewe alisukuma kile kijiko mbele yake.

"Mtindi umeshakauka maji."

Wakatengeneza sosi pamoja. Kijiko hakuhitaji ulimi kwa kila kitu, na hilo lilimshangaza hata yeye. Aliufungua mtindi kwenye kitambaa akaubonyeza kwa kidole, akajua kwamba umekuwa mzito mno, akaulainisha kwa vijiko vya maji baridi mpaka ukateleza kwenye uma. Alikata majani bila kutazama kisu. Alimimina mafuta kama uzi mwembamba huku anakoroga, mpaka sosi ikang'aa. Kisha akachota, akaweka kiganja chini, akasita.

"Inakosa nini?"

"Chumvi," mkewe alisema. "Punje chache."

Akatia. Akamletea tena.

"Sasa?"

"Sasa haikosi kitu."

"Kweli, au unanionea huruma?"

"Kijiko, mimi sijawahi kukwambia tamu kwa uongo. Tangu siku ile ya ngazi."

Wakala saladi yao jua likiwa bado dirishani.

Mpishi mkuu hakumtoa. Alikasirika kwanza, kwa kuwa ametumia miezi akila chakula kilichoonjwa kwa siri, na akauliza mara kadhaa kama kuna lingine wanalomficha. Kisha akamhamishia Kijiko kwenye meza ya saladi na vyakula baridi, kazi inayotaka mikono zaidi, na Dada wa Keki akawa anaonja hadharani, bila kugusa sikio wala kidevu. Wenzake walimtania kidogo kisha wakazoea. Nyumbani kijiko kilirudi kumfuata mkewe kama zamani, mpaka kwenye cherehani, na Kijiko akisubiri pini zitoke mdomoni.

Kila siku ya mapumziko walitengeneza sosi ile, zamu kwa zamu. Kila asubuhi Kijiko alinusa mnanaa, kahawa na ganda la limau, kama alivyoelekezwa, na kila asubuhi akatikisa kichwa. Mkewe aliacha kumuuliza. Alikuwa ameshamkubali hivyo alivyo, na usiku alilala vizuri.

Siku moja wifi alikuja kwa chakula cha mchana. Bado alikuwa hajamaliza utani wake. Alipofika alikagua friji, akasoma kikopo cha mtindi kwa sauti, akatangaza kwamba leo anaweza kula bila hofu. Fundi ndiye aliyekuwa na zamu ya kukoroga. Wifi alikuwa anampa habari za saluni zote kwa pamoja, naye akisikiliza na kucheka alikamua limau la pili bila kukumbuka la kwanza. Akachota kijiko, akaweka kiganja chini, akampelekea mumewe kwa mazoea tu, huku bado uso ameugeuzia kwa wifi.

"Inakosa nini?"

Kijiko alionja. Hakusema tamu. Alikaa na kijiko mdomoni muda mrefu mpaka wifi akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

"Limau," alisema polepole, "limezidi."

Mkewe aligeuka. Aliona macho yake yamejaa maji, akaona paji la uso limekunjana kwa uchachu, kama mtoto. Alichovya kidole kwenye bakuli akalamba, na limau likamkata ulimi. Limezidi kweli. Limeharibu bakuli zima.

Akakaa kwenye kiti, akalia kwa nguvu, na mumewe akapiga magoti sakafuni akamkumbatia kiunoni, kijiko bado mkononi.

"Jamani," wifi alisema, akitazama huku na huku. "Amekwambia umeharibu chakula, na nyinyi mnakumbatiana?"

"Amesema limezidi, wifi," fundi alijibu, akifuta uso kwa aproni.

Kisha akanyanyuka, akafungua friji, akaongeza mtindi.